Jarida la Hija lililokufa na deni

Msimu wa Hija ukikaribia lazima nipigiwe simu na mtu anayeuliza lile jarida limeishia wapi. Wengine wanauliza kwa mapenzi tu. Wengine wanataka kuanzisha la kwao na wanaamini kuna siri nimeikalia. Siri sina. Nina daftari la madeni, nina maboksi ya nakala ambazo hazikuuzika, na nina mambo kadhaa ambayo laiti ningeambiwa mapema, ningeokoa fedha na usingizi. Nayaandika hapa, anayetaka kuingia aingie akijua anapoingia. Jina la jarida nitaliacha. Kuna wenzangu ambao hatujamaliza nao hesabu, na ya kudaiana hayafai kuanikwa.

Lilizaliwa kwenye semina. Kwetu Dar es Salaam, kila taasisi inayosafirisha mahujaji hukusanya watu wake kabla ya safari, msikitini au kwenye ukumbi wa kukodi, ustadhi akasimama mbele na ubao. Anachora Kaaba, anachora mishale ya kuizunguka, anachora Safa huku na Marwa kule. Wazee wanatikisa vichwa. Ukimkamata mmoja mlangoni wakati wa kutoka ukamuuliza tarehe nane ya mwezi wa Hija atakuwa wapi, anakujibu, "Mwanangu, sisi tutamfuata kiongozi." Na kweli wengi huhiji hivyo, macho kwenye bendera ya msafara. Bendera ikipotea, mtu kapotea.

Mimi nilikuwa mwalimu wa sekondari, mkono umezoea kuandaa notisi. Nikaandika kurasa chache, nikazitoa fotokopi, nikazibana pini na kuzigawa kwenye semina ya kina mama. Ziliisha kabla ya chai kumiminwa. Baadaye wakaja hata watu ambao mwaka ule hawasafiri. Ndipo mwenzetu mmoja, mtu wa biashara, akauliza: kinachogawiwa bure kikiisha hivi, je, kikiuzwa? Hesabu hiyo ilikuwa na kasoro kubwa, lakini mwaka 2014 hakuna aliyetaka kuiona.

Kilichofanya watu wazigombee zile karatasi ni kwamba hazikufundisha ibada. Ibada imo katika kila kijitabu cha Hija kinachouzwa Kariakoo, na masheikh wanaijua kuliko mimi. Mimi niliandika safari. Kwamba usiku wa kuamkia tarehe kumi, kutoka Arafa kwenda Muzdalifa, pamoja na kuwa si mbali, basi linaweza kukesha barabarani, kwa hiyo nenda haja kabla ya kupanda na usinywe chai nyingi. Kwamba treni ya Mashair, inayounganisha vituo vya ibada vya Mina, Muzdalifa na Arafa, iliyoanza mwaka 2010, si ya kila anayeitaka. Inategemea kambi yenu imepangiwa nini. Kwamba Muzdalifa hakuna hema, unalala chini, na mkeka mwepesi wa kukunja utakufaa kuliko blanketi zito. Kwamba viatu ukiviacha mlango mmoja wa Haram, Msikiti Mkuu wa Makka, ukatokea mwingine ndiyo kwa heri, basi shona mfuko wa kitambaa wenye kamba uvibebe mgongoni. Kwamba vijiwe vya kurusha ni 49 kwa anayeondoka Mina tarehe kumi na mbili na 70 kwa anayebaki hadi kumi na tatu, na hakuna haja ya kuzoa gunia.

Kuna mama mmoja alikuwa ameshafunga jiko dogo la gesi kwenye sanduku. Nilimweleza habari ya moto wa Mina wa Aprili 1997, uliounguza maelfu ya mahema na kuua watu 343, na kwamba tangu hapo mahema yakabadilishwa yakawa yasiyoshika moto na majiko yakapigwa marufuku. Akalitoa jiko bila maneno. Ustadhi alikuwa ameshamwambia mara kadhaa kwamba haliruhusiwi. Hakuwa amemwambia kwa nini.

Hatukuwa wa kwanza katika kazi ya karatasi za dini kwa Kiswahili, na hilo tulijipa moyo nalo. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha Sahifa kule Mombasa mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932, na hakuna kati ya hizo iliyodumu, ingawa mpaka leo zinatajwa. Na Makka kwenyewe jarida la Hija lilianza kutoka mwaka 1947, mwaka 1366 wa Hijria, chini ya idara ya serikali iliyokuwa ikishughulikia mahujaji. Mzee mmoja wa Unguja alikuwa na toleo la zamani la jarida hilo, karatasi imekuwa rangi ya chai, akatuazima tulitazame. Wenzangu walitazama picha. Mimi nilitazama kurasa za mwisho nikitafuta nani analilipia, nikakumbuka kuwa lile ni la dola. Enzi hizo mahujaji wenyewe walikuwa wakitozwa ada ya kuingia, hadi Mfalme Abdulaziz alipoiondoa mwaka 1952. Serikali ikichapisha jarida haidaiwi na mchapaji. Sisi tulikuwa tunadaiwa kabla hata wino haujakauka.

Sasa nije kwenye fedha. Usajili ulikuwa wa kufuatilia kwa subira: barua, katiba ya kikundi, wasifu wa mhariri, nenda rudi. Baada ya Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 magazeti na majarida yalitakiwa kuomba leseni upya mwaka 2017, nasi tukapanga foleni na wenzetu. Hilo halikutuumiza. Kilichotuumiza ni karatasi. Karatasi ya kung'aa inaagizwa nje, bei yake inapanda na dola, na mchapaji hakupi bei ya mwezi ujao hata umbembeleze. Fundi wetu wa mtaa wa Gerezani alikuwa mtu mwema, lakini kila nikisukuma mlango alianza na salamu ileile: "Shikamoo mama. Karatasi imepanda."

Tulichagua jalada la rangi nne na ndani rangi moja. Hapo tulipatia. Wanaotaka ndani pia kuwe na rangi wanajidanganya. Hujaji anataka maandishi makubwa, maana wengi ni watu wazima na miwani imebaki nyumbani. Pia mkatazeni mchapaji asipinde kabla hamjaona karatasi moja iliyokunjwa kwa mkono. Toleo letu moja lilipindwa vibaya, ukurasa wa tawafu, yaani kuizunguka Kaaba, ukafuatiwa na ukurasa wa chanjo, na kuna watu walidhani ndiyo mpangilio. Na malipo ya awali: kila mchapaji anataka nusu. Nusu hiyo isitoke mfukoni mwa mtu mmoja. Kwetu ilitoka kwenye kiinua mgongo changu, na ndiyo maana mpaka leo daftari liko kwangu.

Halafu kuna kalenda. Gazeti la kawaida linatoka Jumatatu na Jumanne. Jarida la Hija lina msimu mmoja, na msimu wenyewe unarudi nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka wa kizungu. Mwaka 2015 Arafa ilikuwa Septemba 23. Mwaka 2019 ilikuwa Agosti 10. Ukipanga bajeti kwa Januari hadi Desemba utashangaa mwaka umekuwa mfupi na wenye kulipa hawajalipa. Mimi nilianza kupanga kwa miezi yetu: makala ziwe tayari Rajabu, mashine izunguke Shaabani, kwa sababu Ramadhani mafundi wanafunga na usiku hawafanyi kazi, na jarida liwe mkononi mwa msomaji Mfungo Mosi. Likichelewa hadi Mfungo Pili watu wameshaanza kupanda ndege. Tuliwahi kuchelewa hivyo, na mzigo mzima ukawa wa kusomwa mwaka unaofuata, na mwaka unaofuata taratibu zimebadilika.

Na nakala zilizobaki hazina pa kwenda. Hili hakuna aliyenitahadharisha, nami namtahadharisha kila mtu. Magazeti yasiyouzika yanarudi kwa mwenyewe, yanauzwa kwa kilo, yanakwenda kufungia karanga, maandazi na samaki wa kukaanga. Hasara inapungua kidogo. Letu lilikuwa na aya, dua na jina la Mwenyezi Mungu karibu kila ukurasa. Nani atathubutu kulifungia samaki? Mwuza karanga wa mtaani kwetu, kijana ambaye hata sikujua kama anaswali, aliliangalia akanirudishia: "Bibie, hili hapana." Likabaki kuchomwa au kuzikwa kwa heshima, na vyote viwili vinataka nguvu na mahali. Maboksi yakajaa chumba cha wageni hadi wageni wakaanza kulala sebuleni. Tukabadilika: maandishi ya Kiarabu na dua zote tukaziweka kwenye karatasi ya katikati peke yake, ya kuchomoa, inayotoshea kwenye mfuko wa ihramu, vazi la hujaji. Kurasa nyingine zikawa maelezo matupu. Wasomaji waliipenda ile karatasi kuliko jarida, kwa sababu walikuwa wanaibeba kwenye tawafu, na zilizobaki kidogo tuliweza kuzihifadhi kwa adabu.

Ukurasa uliosomwa kuliko wote haukuwa na picha. Ulikuwa wa maswali ya kina mama, na swali kubwa lilikuwa hedhi. Kwenye semina ya mchanganyiko hakuna mwanamke atakayesimama mbele ya ustadhi na mume wake kuuliza siku zake zikimjia Makka afanye nini. Waliniuliza pembeni, au kwa vikaratasi visivyo na majina. Hofu yao ilikuwa kwamba Hija yote imeharibika na fedha zimezama. Nilikwenda kwa masheikh wawili nikapata majibu, nikayaandika kwa lugha ya jikoni: mwenye hedhi anakwenda Mina, anasimama Arafa, analala Muzdalifa, anarusha vijiwe, anafanya kila kitu anachofanya hujaji isipokuwa kutufu mpaka atwaharike, kama Mtume alivyomwelekeza Bibi Aisha. Tawafu ya kuaga anasamehewa. Tawafu ya Ifadha, ile ya baada ya Arafa, haisamehewi kwa kuwa ni nguzo, kwa hiyo mwambieni kiongozi mapema ili safari yenu isipangwe kuondoka kesho yake. Na vidonge vya kuzuia, nenda kwa daktari miezi kabla, usipewe na jirani kwenye ndege.

Ukurasa huo ulinitia matatani. Baadhi ya wanaume walisema jarida la dini halipaswi kuandika mambo hayo waziwazi. Mmoja akaja mpaka nyumbani. Nilimwuliza mkewe alihiji mwaka gani, akanitajia; nikamwuliza aliyajua majibu haya kabla ya kwenda? Akanyamaza, akanywa maji, akaaga. Ningeanza jarida leo ningeanza na ukurasa ule, tena siku hizi ungekuwa mrefu zaidi, maana tangu 2021 Saudia imeruhusu wanawake kujiandikisha Hija bila mahramu, mwanamume wa karibu wa kuwasindikiza, wakiwa kwenye kundi, na wenye kusafiri peke yao wana maswali yao.

Mwaka 2015 ulitufunza jambo lingine kwa ukali. Septemba 11 winchi ilianguka ndani ya Haram, zaidi ya watu 100 wakafa. Bado tumeduwaa na hilo, Septemba 24 watu wakakanyagana Mina kwenye makutano ya barabara za 204 na 223. Hesabu rasmi ya Saudia ni watu 769. Waliojumlisha taarifa za nchi mbalimbali walipata zaidi ya 2,000, wakiwamo mahujaji kutoka Afrika Mashariki. Namba yetu ya simu ilikuwa imechapwa kwenye jalada. Familia zikaanza kupiga. "Mna orodha ya majina?" Hatukuwa na orodha ya mtu yeyote, tulikuwa watu wachache wenye kompyuta moja. Lakini ukishachapa namba yako kwenye kitu kinachoitwa jarida la mahujaji, kwa mtu mwenye mama yake Mina wewe ndiye unayejua. Nilikaa na simu ile usiku na mchana nikiwaelekeza kwa viongozi wa misafara na wizara, nikisikiliza vilio ambavyo sikuwa na jibu lake.

Toleo lililofuata, kabla ya makala yoyote, tuliweka ukurasa wa familia inayobaki nyumbani. Kopi ya pasi ya hujaji. Namba ya viza. Jina la taasisi na la kiongozi wa kundi, na namba yake ya Saudia, si ya Tanzania tu, kwa kuwa ya Tanzania inazimwa uwanja wa ndege. Namba ya kambi ya Mina, ambayo mara nyingi inajulikana siku za mwisho, kwa hiyo hujaji aahidi kuituma akifika. Na kila mtu apige picha bangili yake ya utambulisho. Mahema yanafanana yote, na mzee aliyepotea akiwa hana bangili anaweza kuzunguka mpaka miguu ikaisha. Ukurasa huu ulikuwa na faida kuliko mashairi yote tuliyochapa, na tulichapa mashairi mengi. Watani wangu wananikumbusha.

Kilichotuua hasa ni matangazo.

Bei ya jalada haikuwahi kufikia gharama ya kuchapa. Pengo lilizibwa na wenye matangazo, na wenye matangazo katika jarida la Hija ni nani? Wachache ni wauza ihramu na mabegi. Waliobaki wote ni taasisi zinazosafirisha mahujaji. Yaani wanaotulipa ndio wanaopaswa kuulizwa. Mwanzoni hatukuliona tatizo, kwa sababu kila mtu alikuwa ndugu katika imani na kila mkutano ulianza na Fatiha.

Kisha ikaja barua ya binti wa hujaji mmoja. Wazazi wake waliahidiwa hoteli karibu na Haram, ya kutembea kwa miguu. Wakakuta wako Aziziyya, kilomita kadhaa kutoka Haram, wakipelekwa na basi. Na siku za kilele kabla ya kwenda Mina mabasi yale yakasimama kama kawaida yake kila mwaka, wakawa hawafiki Haram isipokuwa kwa teksi ya bei mbaya. Aziziyya si kosa. Makundi mengi hukaa huko na pana nafuu ya bei. Kosa ni kuahidi kimoja na kutoa kingine. Na taasisi iliyotajwa kwenye barua ndiyo iliyokuwa imenunua jalada letu la nyuma.

Tulikaa kikao mpaka usiku. Mwenzetu wa biashara alisema, "Usitukane wakunga na uzazi ungalipo." Hakuwa mtu mbaya, alikuwa ameona daftari. Ustadhi wetu akasema kuficha aibu ya Mwislamu ni sunna. Nikamwuliza, na kuficha haki ya Mwislamu je? Hatimaye tukaichapa barua bila jina la taasisi. Suluhu hiyo haikumridhisha mtu. Binti akaona tumemkata ulimi. Wenye taasisi wakaona tumewatangaza, kwa sababu msomaji yeyote aliyegeuza jarida aliliona tangazo lao likisema meta chache kutoka Haram. Wakaondoa tangazo na hawakulipa lile lililokwishatoka. Baada yao wengine wakaanza kusema msimu ujao wana mipango mingine. Hakuna aliyegomba. Simu tu zilikuwa hazipokelewi.

Kutokana na mgogoro ule ulizaliwa ukurasa wa maswali ya kumwuliza anayekusafirisha kabla hujatoa shilingi, na huu naomba watu waendelee kuunakili. Hoteli inaitwaje, mtaa gani, na ni umbali gani kwa mguu wa mtu mzima? Chumba ni cha watu wangapi? Siku za Mina chakula kimo? Mnyama wa kuchinja amo kwenye bei au ni juu yangu? Tunaanza Madina au Makka? Hili la mwisho linaonekana dogo, lakini anayeanza Madina anahirimia, yaani anaingia kwenye ihramu, Dhul-Hulaifa, pale Abyar Ali, na anayekwenda moja kwa moja Jidda lazima avae ihramu kabla au ndani ya ndege, na wapo walioiweka kwenye begi kubwa lililoshushwa tumboni mwa ndege. Nikiahirisha au nikiugua, fedha zinarudi kiasi gani? Majibu yote yaandikwe, yapigwe muhuri. Anayekuambia "tuaminiane, hii ni ibada" mwambie na mkataba nao ni ibada. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani inahusu kuandikiana deni.

Na uliza bei ni kwa dola au kwa shilingi. Riyali imefungwa kwenye dola, 3.75 kwa dola moja, tangu mwaka 1986. Shilingi yetu ikiteremka Hija inapanda hata kama Makka hakuna kilichopanda. Juu yake Saudia ilianza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 mwaka 2018, ikaifanya 15 Julai 2020. Wazee waliokuwa wakidunduliza kwa miaka walikuta lengo limesogea mbele yao. Ushauri wangu kwa wanaodunduliza: ukiweza kununua dola kidogo kidogo benki, fanya hivyo, na usimpe wakala akuwekee.

Tulijikongoja hadi 2019 kwa michango na ukaidi. Toleo la 2020 tuliliandaa mapema kuliko yote, jalada limeshachapwa, matangazo machache tuliyobaki nayo yameshalipiwa. Mwisho wa Machi waziri wa Hija wa Saudia akawaomba Waislamu duniani wasubiri kwanza kufunga mikataba. Juni wakatangaza kwamba watakaohiji ni waliomo ndani ya nchi tu, na idadi ikawa kama watu 1,000, kwenye ibada iliyozoea zaidi ya milioni mbili. Taasisi zenyewe zilikuwa zimebanwa na watu wanaodai nauli zao. Waliotangaza wakataka fedha warudishiwe, na walikuwa na haki. Fedha zilikuwa zimeshakuwa karatasi. Mwaka 2021 wakahiji 60,000, wote wa ndani. Misimu miwili bila msafiri hata mmoja kutoka kwetu; jarida la msimu mmoja haliwezi kuvuka hapo. Wenzangu wakashika njia zao. Fundi wa Gerezani alikubali nimlipe kidogo kidogo, na nilimaliza kumlipa yeye kabla ya wote kwa sababu hakunidai kwa kelele.

Hija ilipofunguliwa mwaka 2022, kwa watu milioni moja na wasiozidi umri wa miaka 65, niliulizwa kama tutarudi. Mambo mengi tuliyokuwa tukiyachapa sasa mtu anayapata kwenye simu. Hotuba ya Arafa inatafsiriwa kwa Kiswahili, vibali vinapatikana kupitia Nusuk, mtandao wa Saudia wa mahujaji. Lakini simu hiyohiyo ndiyo inayoleta matangazo ya Hija ya bei poa kwa viza ya matembezi. Mwaka 2024 joto la Makka lilipita nyuzi 51, wakafa mahujaji 1,301 kwa hesabu ya Saudia, na asilimia 83 yao hawakuwa na kibali, kwa hiyo hawakuwa na hema wala basi la kukimbilia kivuli. Viza ya matembezi si viza ya Hija. Sentensi hiyo ningeichapa kwenye jalada.

Ninachotoa sasa ni karatasi moja iliyokunjwa, kurasa nne, rangi moja. Upande mmoja maswali ya kumwuliza msafirishaji, upande wa pili ukurasa wa familia, ndani maswali ya kina mama, na chanjo: ya homa ya uti wa mgongo ipatikane angalau siku kumi kabla ya kufika, na kadi ya homa ya manjano, ambayo nayo huanza kuhesabika siku kumi baada ya sindano. Hakuna tangazo. Mahujaji wanachangia wenyewe kwenye semina, anayeweza elfu moja, anayeweza zaidi, na mchapaji nampa fedha zake zote siku ya kuchukua mzigo. Tunachapa kulingana na mchango ulioingia, basi. Mwaka ambao michango ni midogo nakala ni chache na watu wanapiga fotokopi.

Mwaka jana mwenye taasisi moja alinipigia akitaka kuifadhili karatasi hiyo, aweke nembo yake tu juu, padogo. Nilimshukuru nikamkatalia. Akasema basi atachapisha ya kwake, na kweli kaichapisha, nzuri, rangi nne, karatasi nene. Nimeisoma yote. Imeeleza tawafu vizuri sana, imeeleza sai, ule mwendo wa Safa na Marwa, ina dua na picha za Haram usiku. Ukurasa wa hoteli haumo.